Re: Nataka milioni 1.2 kwa mwaka ila hela haikai

Dada nimekuelewa, unauza chapati hapo Nkuhungu unataka 1,200,000 kwa mwaka ila kila mwezi ukihesabu hamna kitu. We achana na hiyo milioni kwanza, inatisha, weka 3,500 kila jioni kabla hujanunua hata mboga, hapo hata ukiruka siku 22 bado unafika. Mi niliandika kwenye daftari la mtoto, siku niliyoruka napiga X nyekundu, aisee zile X zinauma. Kibubu hapana, changu nilikivunja mwezi wa tatu kisa msiba, peleka benki kila Jumamosi. Kikoba sawa ila uliza kama kimesajiliwa, anayekuahidi hela yako itazaa mara mbili ndani ya mwezi mkimbie. Na kama una mkopo wa riba ya kila wiki, malizana nao kwanza, ukikubana nenda kaongee na afisa maendeleo wa kata.