Mleta mada, usibonyeze "Install Now" kabla hujasoma hii: D yako haiko salama

Simama hapo hapo. Kama bado uko kwenye ukurasa wa "Installation type", toka, zima mashine, chomoa flashi, ndipo usome. Wadau waliotangulia wanabishana Cinnamon na Xfce, zile sura mbili za Linux Mint (mfumo wa kompyuta wa kuweka badala ya Windows), ipi nyepesi, na hakuna hata mmoja aliyeigusa ile sentensi yako iliyonitoa jasho: kwamba mafaili yote umeyahamishia D, kwa hiyo unachagua "Erase disk and install Linux Mint" ili uanze upya. Ukifanya hivyo, mkuu, D inaondoka pamoja na C, na hakuna fundi wa Arusha wala wa Moshi atakayekurudishia.

Kwa anayeingia sasa: mleta mada yuko Ngaramtoni, ana laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na RAM ya GB 4. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inamkataa kwa sababu kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kashusha Linux Mint 22.2, kaiwasha kwa flashi, kaipenda, ila waifai haionekani. Ameuliza waifai ataiwashaje, na achukue Cinnamon au Xfce. Nitayafikia. Kwanza hili la D.

Huku kwetu fundi akikupigia Windows, karibu lazima aikate diski vipande viwili. Anakwambia Windows inakaa C, vitu vyako weka D, siku Windows ikigoma tunafuta C tu. Kwa Windows ni kweli: ukiipiga upya inakuorodheshea vipande kimoja kimoja, unafuta chake unaacha chako. Tumeishi na ushauri huo miaka mingi mpaka umetukaa vichwani kama amri. Lakini C na D ni herufi tu ambazo Windows inavibandika vipande vya diski moja, na Linux haizijui. Ukiiambia "Erase disk", inachukua diski nzima, kile kifaa chenyewe kilichofungwa kwa skrubu ndani ya laptopu, inafuta ramani yote ya vipande na kuchora mpya.

Usiniamini kwa maneno. Washa Windows, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management, uangalie sehemu ya chini. Kushoto kuna kisanduku kimeandikwa Disk 0, na mbele yake mstari wa vipande. Kama C na D ziko kwenye mstari huo mmoja, zitakufa pamoja. Ingekuwa D ni diski nyingine kweli, ungeona Disk 1 yenye mstari wake. Ukiwa kwenye Mint ya flashi, fungua Terminal, dirisha la kuandika amri, uandike lsblk, amri inayoorodhesha diski na vipande vyake. Utaona sda, na chini yake sda1, sda2, sda3 na kuendelea. C na D zako ni viwili kati ya hivyo. Flashi mara nyingi itakuwa sdb. Kama diski yako ni ya NVMe jina litakuwa nvme0n1, na vipande nvme0n1p1, p2, hivyo hivyo. Loop0 ipuuze, hiyo ni ya Mint yenyewe.

Mimi niko Moshi, ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za kikundi, hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, zilikuwa kwenye Excel, na Excel ilikuwa D. Mashine ilikuwa imechoka na Windows, nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi aniwekee Linux. Kabla hajagusa kitu nikamuuliza: D itabaki? Akajibu bila kuinua macho, "D haiguswi, hiyo ni kanuni." Nikakaa kwenye benchi lake nikimwangalia.

Wakati wa kusakinisha kuna kisanduku cha mwisho kabisa kinachouliza "Write the changes to disks?" Hicho kiangalie vizuri, maana ndicho kinachowamaliza watu. Kinasema ramani ya vipande ya sda inabadilika, kisha kinaorodhesha vipande vitakavyotengenezwa: namba 1 ya sda kama ESP (cha kuwashia mashine), namba 2 ya sda kama ext4 (cha mafaili ya Linux). Basi. Hakisemi popote kwamba D inafutwa, kwa kuwa kwa Linux hakuna kitu kinachoitwa D. Mtu anasoma, halioni jina la D, anajua iko salama. Fundi alisoma, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza Continue. Chai haijaisha kikombeni Mint ikawaka, safi na nyepesi, na ndani yake hakuna hata faili moja langu.

Sasa usije ukajipa moyo kwamba kuna programu za kurudisha. Kwa diski za zamani zile za kuzunguka, ukifuta kitu data inabaki palepale mpaka iandikwe nyingine juu yake, na programu kama PhotoRec inaweza kukuokotea mafaili mengi, ingawa yanarudi bila majina yake. SSD, diski mpya zisizozunguka, ni habari nyingine. Linux inapotengeneza ext4 inaiambia SSD kwamba nafasi hii yote haina kazi tena, amri inayoitwa TRIM, na SSD inatii. Ukija kuzisoma sehemu hizo baadaye, kwa SSD nyingi unapata sifuri tupu. Kwangu PhotoRec ilipita diski mwanzo hadi mwisho, ikaniletea picha za mandhari za Mint yenyewe. Na wewe umeandika kwamba laptopu yako "inawaka chap", kwa hiyo huenda ina SSD.

Nilimrudia yule fundi. Akasema huenda D ilikuwa na virusi. Virusi! Pesa ya kazi alikuwa ameshaichukua, na neno la pole halikumtoka. Fundi asiyejua kitu aseme sijui, mteja atatafuta mwingine. Akikuhakikishia kitu asichokijua huku mashine ya mtu iko mezani kwake, anacheza na maisha ya watu.

Na hapa simaanishi maisha yangu peke yangu. Ilibidi tukusanye vitabu vya wanachama sebuleni kwa mama mwenyekiti, Pasua, tuanze kuijenga hesabu upya. Hisa kwenye kitabu ni mihuri, muhuri mmoja hisa moja. Tukawa tunaihesabu kwa kidole ukurasa kwa ukurasa, mingine wino umefifia, mingine imegongwa nusu nje ya kisanduku, na mwenye kitabu amesimama mgongoni kwako anasema huo ni mzima, uhesabu. Hisa zilipatikana. Mikopo ndiyo iliyotutesa, kwa sababu marejesho yalikuwa yanaingizwa kwenye Excel moja kwa moja. Kuna mama alikuwa amemaliza mkopo wake wote, hajawahi kuchelewa hata wiki moja, akaambiwa alete shahidi. Mtu mwaminifu kuliko wote pale ndani anaulizwa shahidi. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko laptopu.

Kilichotuokoa ni taarifa moja ya robo mwaka iliyokuwa imetumwa kwa dada mhazini kwenye WhatsApp. Ilikuwa bado kwenye simu yake. Ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye kifaa kingine, hakuna sababu nyingine.

Na asije mtu hapa na ile ya "ungeweka mtandaoni." Excel peke yake sawa, lakini picha za vitabu, mikataba ya mikopo na video za mikutano zilikuwa GB kibao. Kupandisha mzigo huo kwa bando la wiki ni kuchagua kati ya huo na unga. Mwenye faiba nyumbani aweke mtandaoni, ni vizuri sana. Naongea na mtu wa Ngaramtoni anayekula data ya simu.

Kwa hiyo kanuni ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: kabla ya Install, mafaili yawe kwenye kifaa cha nje, kifaa hicho kiwe kimechomolewa, na uwe umeyafungua kwenye mashine nyingine. Yote matatu. Kuchomoa kuna maana yake: diski ya nje ikiwa imechomekwa wakati unasakinisha, nayo inaingia kwenye orodha kama sdb au sdc, na kidole kikiteleza unafuta ile bakapu yenyewe. Usitumie pia flashi ile ile yenye Mint. Rufus, programu ya kuandalia flashi ya Mint, inaifuta yote wakati wa kuiandaa.

Kunakili unaweza hata ukiwa kwenye Mint ya flashi, maana ukiwasha kwa flashi bila kubonyeza Install diski yako haiguswi. Fungua kidirisha cha mafaili, kipande chako cha D kitaonekana upande wa kushoto kwa jina lake au kwa ukubwa wake. Ikikwambia kinasomeka tu na hakiandikiki, usihangaike, ni ile Fast Startup ya Windows imeacha mashine nusu usingizini. Kwa kunakili kutoka humo inatosha. Ikikudai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, ni tarakimu 48, na kama Windows uliiingia kwa akaunti ya Microsoft utazikuta kwenye akaunti hiyo. Zitafute kabla hujabadilisha chochote kwenye BIOS. Diski ya nje iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Na mstari wa kunakili ukifika mwisho usichomoe papo hapo, Linux bado inamalizia kuandika kwa nyuma. Bofya Eject, subiri ikuruhusu.

Kuna jingine la hapa kwetu. Flashi za kupanga chini barabarani, zile za "TB 1" kwa bei ya chakula cha mchana, nyingi ni uongo. Ndani ni GB chache, kidude chake kimedanganywa kisome kubwa. Utanakili kila kitu, majina yote utayaona, ukifungua faili halifunguki. Ndiyo maana nasema fungua kwenye mashine nyingine, na ufungue mafaili yenyewe, usiridhike na orodha: Excel moja, picha ya kwanza na ya mwisho, video uisogeze hadi katikati. Kwenye Linux kuna programu ya F3 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. F3write inaijaza flashi, f3read inasoma na kukwambia ukubwa wa kweli. Ifanye flashi ikiwa tupu.

Wale wa video nao wana dhambi yao. Umeweka kiungo cha jamaa anayesema "chagua ya kwanza, endelea, rahisi." Irudie video, tazama juu ya dirisha lake, imeandikwa VirtualBox. Anasakinisha kwenye diski ya kubuni ambayo haijawahi kuwekwa hata barua moja. Kwake kufuta hakuna uchungu wowote. Anakufundisha wewe mwenye picha za harusi na za marehemu wako kwenye sda4, na neno bakapu halitamki hata mara moja.

Waifai: subiri mpaka umeshasakinisha. Chomeka simu kwa waya, washa USB tethering, Mint itaipata intaneti yenyewe. Fungua Driver Manager, na kama kadi yako ni ya Broadcom itakupendekezea draiva, ikubali, zima na uwashe. Kama Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, imewashwa utaombwa utunge nywila, na ukiwasha utakuta skrini ya buluu ya "Perform MOK management". Chagua Enroll MOK uweke nywila hiyo. Wengi wanaipita ile skrini kwa haraka, halafu wanakuja kulalamika kwamba Linux haina waifai.

Cinnamon au Xfce: kwa GB 4 chukua Xfce. Zote mbili msingi wake ni Ubuntu 24.04 na zinahudumiwa hadi 2029, kwa hiyo hilo halistahili kurasa tatu za mabishano zilizopo hapo juu huku mafaili ya mtu yako hatarini.

Leo nakili tu, usifanye kingine. Ukimaliza, chomoa diski ya nje, washa Mint kwa flashi, uandike lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MODEL na ubandike hapa jibu lote, usikate hata mstari. Nafunga duka magharibi, baada ya hapo niko hapa. Nitakuonyesha mstari kwa mstari kipi ni kipi kabla hujabonyeza.