Barua za Wasomaji: Bastola, Bibi Harusi na Neno "Amerudi"

Tumepokea barua tatu kutoka Moshi na Arusha ambazo, bila waandishi wake kujuana, zinazungumzia jambo moja: yale matangazo mafupi ya tamthilia za televisheni ambayo wengine huyaita trela na wengine vionjo. Tumeona heri tuzijibu pamoja, tukianza na ile yenye hasira kuliko zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msusi hapa Mbuyuni, Moshi, na televisheni ya saluni yangu huwaka tangu asubuhi hadi tunapofunga. Mwezi uliopita tangazo la tamthilia tunayoifuatilia lilimwonyesha bibi harusi akilia mbele ya kioo, kisha mwanamume akiinua bastola, kisha skrini ikawa giza na sauti nzito ikasema: "Amerudi." Wateja wangu wawili walihamisha siku ya kusukwa ili waje saa ya tamthilia. Tulipoitazama, bastola ilikuwa ya askari aliyekuwa akiisafisha kituoni, bibi harusi alikuwa akilia kwa furaha, na aliyerudi ni shangazi yake kutoka safari. Je, huu si utapeli?
*Msusi, Mbuyuni, Moshi*

JIBU: Dada yetu, ukikirudia kionjo hicho polepole utagundua kwamba hakuna picha hata moja iliyokudanganya. Bibi harusi alilia kweli, bastola iliinuliwa kweli, na mtu alirudi kweli. Kilichokudanganya ni maungio, kwa sababu mhariri wa picha alizitoa picha tatu kutoka mahali patatu tofauti katika hadithi, akazipanga zikifuatana, nawe ukafanya kile ambacho kila mwenye akili timamu hufanya aonapo vitu viwili vikifuatana, yaani ukatafuta sababu inayoviunganisha. Hakuna aliyekwambia kwamba bibi harusi atapigwa risasi. Ulijiambia mwenyewe, na ndiyo maana uliamini zaidi kuliko ambavyo ungeamini kama ungeambiwa.

Ujanja huu una umri wa zaidi ya karne. Mrusi mmoja aliyekuwa akifundisha utengenezaji wa sinema miaka ya karibu na 1920, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji usioonyesha hisia yoyote, akaiunganisha mara na picha ya sahani ya supu, mara na mwanamke aliyekufa ndani ya jeneza, mara na msichana mdogo akicheza. Mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin, alisimulia baadaye kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha mawazo mazito mbele ya supu, majonzi mbele ya maiti na furaha mbele ya mtoto, ilhali uso ulikuwa uleule. Bibi harusi wako ni ule uso. Bila bastola, machozi yake yangekuwa ya furaha tangu mwanzo. Ongeza na uwezekano kwamba machozi yalionyeshwa kwa picha ya karibu sana, uso ukijaza skrini nzima, hivi kwamba ndugu wowote waliokuwa wakicheka na kupiga vigelegele nyuma yake hawakuonekana kabisa. Kamera inapokaribia hivyo hatuioni ile hisia kwa ukubwa tu. Tunanyimwa pia kila kitu ambacho kingetueleza maana yake.

Lakini mimi, nikiri, kilichonivutia zaidi katika barua yako ni lile neno moja, "Amerudi." Lugha yetu inawapa watengenezaji wa vionjo zawadi ambayo wenzao wanaotumia Kiingereza au Kifaransa hawana. Kiambishi *a-* hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au kikongwe, rafiki au adui. Mwingereza akitaka kusema hivyohivyo hulazimika kuchagua jinsia, na akishachagua amekwisha kukupunguzia nusu ya watuhumiwa. Sisi tunaweza kuficha mtu mzima ndani ya silabi moja. Waturuki nao kiwakilishi chao cha nafsi ya tatu hakibagui jinsia, na nimewahi kujiuliza kama hiyo ni sababu mojawapo ya tamthilia zao kukubali sauti za Kiswahili bila kupoteza mafumbo yake, ingawa sitabishana na mtu juu ya hilo.

Sikiliza tena vionjo kwa siku mbili tatu na utasikia mwenzake wa ujanja huo: "Siri imefichuka." "Ndoa imevunjika." "Damu imemwagika." Hiyo ni kauli ya kutendeka, ambayo tulifundishwa shuleni kwamba inaonyesha hali ya jambo bila kumtaja mtenda. Hakuna aliyeifichua siri, hakuna aliyeivunja ndoa. Mambo yamejitokea tu, kama mvua. Msimulizi angesema "Siri imefichuliwa", sikio lako lingengojea neno "na", yaani na nani, na lisipokuja ungehisi kuna kitu kimekatwa. "Imefichuka" haidaiwi na mtu. Sentensi imekamilika kisarufi, lakini pengo limebaki wazi katika hadithi, na pengo hilo ndilo lililowaleta wateja wako wawili saluni siku ya kazi.

Jambo lingine ambalo huenda limechangia, ikiwa tamthilia yenu ni ya Kituruki, ni namna zinavyokatwa. Kule kwao sehemu moja ya tamthilia ya usiku huweza kuzidi saa mbili, na zinapouzwa nje hugawanywa katika vipande vifupi. Kionjo kilichotengenezwa kwa ajili ya sehemu ile ndefu kinaweza kubeba matukio ambayo, baada ya kukatwa, yataangukia vipande vya mbele kabisa. Watazamaji hulalamika kwamba wameahidiwa kitu ambacho hakikuja, kumbe kinakuja wiki ijayo.

Je, ni utapeli? Kwa hukumu yangu, shangazi hajavuka mpaka, lakini bastola imevuka. Kuficha ni nani aliyerudi ni kazi halali ya kionjo, kama mtu anayetega kitendawili asivyolazimika kutoa jibu kabla hujampa mji. Jibu lilikuwamo katika hadithi, nanyi mlilipata. Bastola, kwa upande wake, ilitangaza tukio ambalo halimo katika tamthilia yote, na hicho si kitendawili tena, kwa sababu kitendawili kisicho na jibu hakitegwi. Ukiniuliza, hasara kubwa ni ya kituo chenyewe, maana wateja wako sasa wakiona bastola hawatahamisha tena siku ya kusukwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, naishi Sakina, Arusha. Tulipewa kazi ya kuchambua lugha ya vyombo vya habari katika kionjo kimoja cha tamthilia. Niliandika kuhusu kamera, mwanga, sauti, mavazi na maandishi ya kwenye skrini, nikapata alama ndogo na maelezo haya: "Umeorodhesha, hujachambua." Nimekosea wapi? Pia, neno sahihi ni trela au kionjo?
*Mwanafunzi, Sakina, Arusha*

JIBU: Nianze na neno, kwa kuwa ni jepesi. Yote mawili yanatumika. Trela ni ndugu wa tela, lile la lori, na ukisimama kando ya barabara ya Namanga utayaona mengi yakivutwa kuelekea mpakani. Sinema nazo zilikuwa nalo kwa maana hiyohiyo: tangazo la filamu ijayo liliburutwa nyuma ya filamu iliyokuwa ikionyeshwa. Baadaye likahamishiwa mbele, kwa sababu watu walikuwa wakishanyanyuka kwenda nyumbani, lakini jina likabaki. Mimi napendelea kionjo, kwa sababu linasema kazi yake, kwamba unaonjeshwa kijiko kimoja ili ununue sufuria.

Kuhusu alama, mwalimu wako ana haki. Kusema "kuna mwanga hafifu" ni kuorodhesha. Uchambuzi unaanza pale unapouliza: kama mwanga ungekuwa mkali, ningeelewa nini tofauti? Jaribu kwa mfano nitakaoutunga. Kionjo kinaanza na geti linalofunguka lenyewe, gari jeupe likiingia, na mama aliyevaa miwani ya jua akishuka bila kumtazama kijana anayemshikia mlango. Sekunde nne zimepita, hakuna aliyesema neno, nawe umeshajua kwamba kuna tajiri, kuna maskini, na kuna dharau itakayolipwa. Umejuaje? Hukujua kwa sababu ya geti peke yake, bali kwa sababu umeshaziona tamthilia nyingi ambamo geti la namna hiyo lilifunguka. Kionjo kinategemea kumbukumbu yako. Sasa badilisha kitu kimoja tu: mama yuleyule avae kanga na ashuke kwenye bodaboda mbele ya geti lilelile. Hadithi imegeuka, sasa ni mama mzazi anayekuja kumtafuta mwanawe mjini. Hilo badiliko, na sababu ya badiliko hilo, ndilo ulilopaswa kuliandika.

Fanya vivyo hivyo kwa maneno. Kwa nini wanasema "Usikose" badala ya "Msikose", ilhali wanazungumza na watu wengi mno wasioweza kuwahesabu? Kwa sababu umoja unamkuta mtu mmoja kwenye kiti chake, kama jirani aliyechungulia mlangoni. Kwa nini maandishi ya mwisho yanasema "Saa 3:00 usiku" katika kituo kimoja na "21:00" katika kingine? Hapo kila kituo kinakueleza kinadhani kinazungumza na nani, na mtazamaji wa kule Ngarenaro atakuambia bila kusita ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomchukulia kama mtu wa nyumbani.

Kisha kuna haraka. Sauti ya msimulizi wa vionjo vyetu, ukiisikiliza vizuri, haikutoka kwa wasoma taarifa ya habari. Ina undugu na wale wanaotia maneno ya Kiswahili katika filamu za kigeni kwenye vibanda umiza, yaani vile vibanda vya mitaani vya kuonyeshea filamu, na zaidi ya hapo na mpiga debe wa stendi. Nenda stendi ya Moshi asubuhi umsikilize: "Arusha, Arusha, bado mmoja tunaondoka!" Basi lina viti kumi vitupu. Hajali, kwa sababu anajua kwamba abiria haogopi kungoja, anaogopa kuachwa. "Usiku wa leo, siri zote hadharani" ni sentensi ya mpiga debe yuleyule, na siri zote, kama ujuavyo, hazitakuwa hadharani.

Jambo ambalo ningelipa nafasi kubwa kuliko yote ni swali ambalo kionjo kinakuachia. Mfaransa Roland Barthes, katika maandishi yake ya mwaka 1970, alieleza kwamba hadithi huendeshwa kwa sehemu na mafumbo: fumbo linatajwa, linacheleweshwa, linajibiwa nusu, ndipo linafunguliwa. Kionjo ni hadithi iliyokatwa kabla ya hatua ya mwisho. Mwishoni mwa mwaka 1913 kampuni ya William Selig ya Chicago ilianza kutoa sinema ya mfululizo, mwanamke mmoja jasiri akiingia hatarini kila kipande, na watazamaji wakirudi kujua kama amepona. Mwaka 1980 tamthilia ya Kimarekani iitwayo Dallas ilimwacha tajiri wake, J.R., amepigwa risasi mwezi Machi, na haikumtaja aliyefyatua hadi Novemba. Swali moja tu lilishikilia watazamaji miezi minane. Kwa hiyo katika kazi yako andika swali hilo kwa sentensi moja, halafu onyesha jinsi kila ulichokiorodhesha, kamera, mwanga, mavazi na sauti, kinavyolitengeneza au kinavyozuia jibu lisivuje mapema. Kitu kisichofanya mojawapo ya hizo kazi mbili, kiache nje ya karatasi yako, hata kama ni kizuri.

Neno la ziada kuhusu muziki, maana wanafunzi wengi huandika "muziki wa kusisimua" wakasonga mbele. Sikiliza pale muziki unapokatika. Ukimya wa nusu sekunde kabla ya neno la mwisho hufanya kazi kubwa kuliko ngoma zote zilizotangulia, na kama kionjo ulichochagua kina ukimya huo, una aya nzima ya kuandika hapo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mstaafu wa Kijenge. Ninapotazama taarifa ya habari sauti ni ya kawaida, lakini tangazo la tamthilia likiingia nyumba inatetemeka na mjukuu anaamka. Je, wanaongeza sauti makusudi?
*Mstaafu, Kijenge, Arusha*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kwa kawaida hawaongezi kilele cha sauti, wanachofanya ni kuinua mabonde yake. Katika taarifa ya habari mtu husema, hupumua, hunyamaza. Katika kionjo, fundi wa sauti hubana tofauti kati ya sauti ya chini na ya juu hadi kila kitu, hata mnong'ono, kiwe karibu na dari. Ni kama kwaya inayoimba beti zote kwa nguvu ya kiitikio: hakuna aliyepiga kelele kuliko kawaida, lakini hakuna aliyepumzika pia.

Wengine wamelitungia kanuni. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulitoa mwongozo wa kupima wastani wa ukubwa wa sauti ya kipindi kizima badala ya kilele chake, na Marekani ilipitisha sheria mwaka huohuo, iliyoanza kutumika Desemba 2012, inayotaka matangazo ya biashara yasiwe na wastani wa sauti unaozidi wa vipindi vinavyoyazunguka. Kwa hapa nyumbani kwako, fungua mipangilio ya sauti ya televisheni au king'amuzi utafute sehemu ya kusawazisha sauti, kwani televisheni nyingi za siku hizi zinayo, na mara nyingi hutoka dukani ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, minong'ono ya tamthilia yenyewe itapanda kidogo, lakini mjukuu atalala.