Jibu: Mbwa wa miaka 14 na paka wa miaka 17, nimwachie nani?

Dada, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama uwapeleke mbwa na paka wako kwa shemeji Entebbe, au uwaache hapo Ntinda wiki mbili ukiwa Gulu. Waache nyumbani, tafuta mtu wa kulala hapo. Mbwa mzee asiyeona vizuri anajua mlango na bakuli lake kwa mazoea. Ukimhamisha atagonga kuta na kuhangaika usiku kucha.

Niliwahi kumtunza paka mkongwe wa jirani. Siku ya pili alinusa mukene (dagaa), akageuza uso. Nikaipasha moto na maji kidogo, harufu ikapanda, akalamba mchuzi kidoleni mwangu, kisha akala. Mwambie mlezi: paka akimaliza siku nzima bila kula, asingoje, ampigie daktari wa mifugo. Ini la paka huharibika haraka kwa njaa. Aangalie na maji pia. Kunywa kupita kiasi huku anakonda mara nyingi ni figo.

Nakusihi, ficha parasetamoli zote. Watu wema huwapa wanyama wakidhani wanatuliza maumivu ya viungo, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua paka.

Tandika mkeka juu ya vigae, mbwa asiteleze. Acha leso uliyoivaa, bila kuifua. Na andika kabisa nani ataamua, na kwa pesa kiasi gani, mmoja akizidiwa nawe hupatikani kwa simu.