Usifunge hiyo kabureta ya 30 kwenye Virago kabla hujajua hewa inaingia wapi

Ndugu yangu wa Mbarara, simama hapo hapo. Umesema pikipiki yako, Yamaha Virago ya 250, inakosa nguvu ukivuta mafuta, na fundi amekushauri utoe kabureta ya asili (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ufunge ya milimita 30 inayovutwa na waya moja kwa moja, utupe boksi la hewa uweke filta ya koni, halafu Jumamosi uipandishe Kabale. Nimesoma mara mbili. Kila neno alilokuambia fundi wako niliambiwa mimi hapa Kampala, nikaamini, na pikipiki yangu ikalala gereji miezi minne.

Kabureta ya asili ya Virago 250 ni Mikuni ya milimita 26, moja tu, inayolisha silinda mbili. Waya wa mkononi haunyanyui kile kipande kinachobeba sindano. Waya unafungua kipepeo tu, yaani kibati kinachofungua njia ya hewa, halafu mvuto wa injini yenyewe ndio unaokinyanyua, kwa msaada wa raba nyembamba iliyo juu yake. Ukivuta kwa pupa, kabureta inasubiri mpaka injini iwe tayari. Hiyo ya 30 haisubiri. Umevuta, imefunguka yote. Piga hesabu: 26 mara 26 ni 676, na 30 mara 30 ni 900. Mdomo umepanuka kwa theluthi nzima, na injini ni ile ile ya sentimita za ujazo 249. Hewa inapita polepole, na hewa inayopita polepole hainyonyi petroli kwenye jeti, yaani kile kitundu cha kupimia petroli, inavyotakiwa. Ndiyo maana ukivuta ghafla inazama, inakohoa, halafu ndiyo inaondoka.

Lakini hilo lingekuwa la kukera tu. Kilichoniua mimi ni mahali kabureta inapokutana na injini.

Mdomo wa ile kabureta ya duka niliyofungiwa mimi haukulingana na raba ya manifoldi, ile inayounganisha kabureta na injini. Fundi wangu hakushtuka. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia mara mbili, akasukuma kabureta ndani kwa kiganja, akakaza klampu mpaka raba ikajikunja. Nilikuwa nimesimama pale nikiangalia. Nilimuuliza, hii itashika? Akasema ameshafunga nyingi. Sasa sikia: petroli inakula raba ya tyubu. Inavimba, inakuwa laini kama ubani uliotafunwa, kisha inateleza. Siku ya kwanza inaziba vizuri kabisa. Baada ya wiki mbili kuna upenyo usioweza kuuona kwa macho, na injini inavuta hewa pale, hewa ambayo haikupita kwenye kabureta na haina petroli ndani yake.

Halafu akaongeza la pili. Akasema Kampala iko juu, kwa hiyo jeti lazima ipunguzwe. Hii inaniuma mpaka leo kwa sababu ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku hutoa petroli nyingi kuliko inayohitajika. Sawa. Lakini huyo huyo alikuwa ametoa boksi la hewa na kuweka filta ya koni, jambo linaloingiza hewa zaidi na kudai jeti KUBWA. Mambo mawili yanayovutana, yeye akashika moja. Juu yake kuna hewa ya wizi kwenye tyubu ya baiskeli. Injini ikabaki na njaa ya petroli kutoka pande zote.

Na uongo mkubwa kuliko wote unatoka kwa pikipiki yenyewe. Injini yenye petroli kidogo inajisikia nyepesi. Mlio unakuwa mkavu, inaitika haraka, unajiona umepata pikipiki mpya. Mimi nilimpigia fundi simu kumshukuru! Dalili zilikuwepo: nikiachia mafuta, mzunguko haushuki mara moja, unabaki juu sekunde kadhaa ndipo unateremka. Kwenye mteremko sailensa inapiga risasi ndogondogo. Bomba la moshi la silinda ya nyuma lilianza kuwa la buluu karibu na kichwa cha injini. Nilimwonyesha fundi, akasema bomba limezoea moto.

Nikaenda Masaka. Nilipita alama ya ikweta pale Kayabwe, barabara tupu, nikaiachia kilomita 100 kwa saa. Kabla ya kufika Lukaya nilisikia mlio kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, nguvu ikakatika, moshi mweupe ukatoka nyuma yangu. Injini ilinoki, ikakwama pale pale. Nilipofungua plagi ya nyuma, kaure yake ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu yake kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Nilidhani ni uchafu, nikafuta kwa kidole, havikutoka. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni yangu, imeyeyuka na kurukia plagi. Pistoni ya nyuma ndiyo ilitoboka kwa sababu upepo hauifikii vizuri kama ya mbele, na injini hii haina maji, inapozwa na hewa tu.

Pikapu ya kuirudisha, pistoni, ringi, kuchonga silinda, gasketi zote, na kabureta ya asili ya mtumba, kwa sababu ile yangu fundi aliichukua siku ya kwanza kama sehemu ya malipo. Shilingi milioni moja na laki tisa. Kabureta yangu ya asili ilikuwa na kosa gani? Raba ya juu ilikuwa na tundu la ukubwa wa ncha ya pini. Basi. Ndilo lililokuwa linaninyima nguvu, kama wewe unavyosema sasa hivi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta yako, toa ile raba taratibu, inyooshe kwenye mwanga wa jua, tafuta tundu. Safisha jeti ndogo, ile ya chini kabisa, mpaka uone mwanga unapita. Kisha washa injini ipate moto, chukua maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio yote kati ya kabureta na silinda zote mbili. Mlio ukibadilika, hapo inavuta hewa. Usikubali fundi atumie petroli kwa kazi hiyo, bomba la moshi liko jirani na lina moto. Raba ya manifoldi ikunje kwa kidole gumba, maana nyufa zake hazionekani mpaka uikunje.

Ukishaziba panapovuta hewa ndipo uongee habari ya jeti. Na usidanganywe na namba: 100 ya Keihin si 100 ya Mikuni, wanapima kwa njia tofauti, na hizi za kuiga hazifuati yeyote kati yao. Plagi ndiyo shahidi wako. Funga mbili mpya, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, gia ya tatu, vuta yote sekunde chache, halafu kwa mpigo mmoja bana klachi na uzime swichi. Usiiache ingurume, rangi itabadilika. Kahawia hafifu, uko salama. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, utapoteza hela kidogo. Nyeupe, usiende popote. Hata sokoni usiende.

Kabale ni juu kuliko Mbarara na ni milima mitupu, utakuwa umevuta mafuta muda wote. Jumamosi hiyo iahirishe. Toa plagi zote mbili leo jioni, ya mbele na ya nyuma, uzipige picha kwenye mwanga wa mchana si kwa tochi, uziweke hapa pamoja na picha ya pale kabureta inapoingia kwenye raba. Nitakujibu hata kama ni usiku.