Kihami cha ndani ya chipu hakitibiwi kwa bloa

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Wete. Mwezi uliopita niliipeleka Unguja kompyuta mpakato ya mdogo wangu ambayo ilikuwa haionyeshi picha. Fundi aliipuliza chipu kubwa kwa bloa ya hewa ya moto, kompyuta ikawaka, ikafanya kazi wiki mbili, kisha ikafa tena. Anasema hewa ya bahari imepenya kwenye vihami vinavyotenganisha nyaya za ndani ya chipu, kwani vihami vya siku hizi vina vinyweleo na hunywa maji, na kwamba moto uliyakausha maji hayo. Sasa anataka kurudia kwa moto mkali zaidi. Je, ni kweli? Na viwandani hufanywa nini ili vihami hivyo vidumu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Swali lako huniijia kwa sura mbalimbali takriban kila wiki, na maelezo ya fundi huyo yana kweli moja iliyobebeshwa makosa mawili, jambo linaloyafanya yawe magumu kukanushwa kuliko uongo mtupu.

Kweli yenyewe ni hiyo ya vinyweleo. Kihami cha zamani kilikuwa oksidi ya silikoni, yaani kioo kigumu. Nyaya zilipozidi kusogeleana, kioo hicho kilianza kuchelewesha mawimbi ya umeme, kwa sababu waya mbili zilizokaribiana zenye kihami kati yake huhifadhi chaji kama kapasita, yaani kifaa cha kuwekea akiba ya umeme. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza chipu zenye nyaya za shaba badala ya aluminiamu, na baada ya hapo viwanda vikageukia kioo kilichochanganywa na kaboni, kisha kioo hicho hicho kilichotobolewa vinyweleo visivyoonekana. Kipimo cha kiasi ambacho kihami huchangia uhifadhi huo wa chaji huitwa k, na kikiwa kidogo ndiyo bora: oksidi ya kawaida ina takriban 4, kioo cha kaboni takriban 3, chenye vinyweleo takriban 2.5, na hewa tupu ni 1. Maji yana karibu 80, kwa hiyo unyevu kidogo tu ukiingia katika vinyweleo huharibu faida yote iliyotafutwa, na umeme huanza kuvuja.

Lakini maji hayo huingilia wapi? Hapo ndipo penye kosa la kwanza. Tabaka hili hunyweshwa maji kiwandani, wakati mifereji ya kupitishia nyaya inapochimbwa kwa plazma, yaani gesi iliyotiwa nguvu ya umeme. Makundi ya kaboni yaliyomo katika kioo hufanya kazi ya mafuta ya sifa kwenye mbao za jahazi, yaani huyafukuza maji. Plazma yenye oksijeni huyang'oa makundi hayo kwenye kuta za mfereji, na kuta zilizokuwa zikikataa maji zikaanza kuyaita. Chipu ikishakamilika hufunikwa juu kwa silikoni naitraidi na kuzungushiwa ukuta wa metali pembezoni mwake. Ukuta huo ukiwa mzima, hewa ya Wete haifiki kwenye kihami hata chipu ikae miaka pwani. Chumvi yetu hula viungio vya bodi, pini na soketi, na huko ndiko fundi anapaswa kuangalia kwanza, kwa brashi, spiriti na kioo cha kukuzia.

Kosa la pili ndilo linalonikera, nalo ni imani kwamba moto hutibu kihami. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya kuchunguza chipu zilizokufa, na sijawahi kuona kihami kilichotoboka kikaziba kwa kupashwa moto. Fikiria volti moja tu kati ya waya mbili zilizoachana kwa nanomita 20 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Mkazo wake wa umeme ni sawa na volti nusu milioni kwa kila sentimita. Chini ya mkazo huo, miungano ya kemikali ndani ya kihami hukatika mmoja mmoja, leo hapa, kesho pale, na ioni za shaba, yaani chembe zake zenye chaji, zikipata upenyo hujipenyeza kati yake. Siku kasoro hizo zinapopangika na kufanya njia kutoka waya hadi waya, umeme hupita kwa kishindo na kuunguza kila kilichomo njiani. Hakuna hatua hata moja katika mwendo huo inayorudi nyuma kwa joto; joto huziharakisha zote. Ndiyo maana maabara zinapotaka kujua kihami kitadumu miaka mingapi huzipasha chipu za majaribio zaidi ya nyuzi 100 na kuziongezea volteji, ili ziwahi kufa.

Basi kwa nini kompyuta ya mdogo wako iliwaka? Mara nyingi, sababu ni vitone vya lehemu vilivyo kati ya kipande cha silikoni na sahani inayokibeba. Silikoni hutanuka kidogo sana inapopata joto, ilhali sahani hutanuka mara kadhaa zaidi, na kwa hiyo kila chipu inapopata moto na kupoa vitone hivyo huvutwa huku na huku mpaka kimoja kinapasuka. Ukiipuliza kwa bloa, nyuso mbili za ufa husukumwa zikagusana, picha ikaonekana, na fundi akapokea ujira wake. Baada ya wiki mbili za kuwasha na kuzima, ufa hufunguka tena. Kihami hakikuhusika katika ugonjwa, wala hakikuhusika katika hicho kinachoitwa kupona.

Kinaweza kuhusika sasa, kwa sababu ya matibabu. Kioo chenye vinyweleo ni laini mno, ugumu wake ukiwa kama sehemu ya kumi ya ule wa oksidi ya zamani, nacho kimelazwa chini ya vitone hivyo hivyo. Bloa inayopuliza nyuzi 350 upande mmoja huvuta pembe za chipu kwa nguvu ambazo msanifu hakuzikusudia. Katika maabara tulikuwa tukiizamisha chipu ya namna hiyo katika maji na kuipiga picha kwa mawimbi ya sauti. Iliyo nzima hutoa picha ya kijivu cha aina moja, na iliyochomwa huonyesha madoa meupe kwenye pembe, kila doa likiwa chini ya kitone kimoja, mahali ambapo matabaka yameachana. Moto mkali zaidi anaoutaka fundi wako utaongeza madoa.

Nadhani ninajua dhana hii ilizaliwa wapi. Kwenye mifuko ya chipu mpya huandikwa kwamba zikikaa wazi kupita muda uliowekwa (kwa chipu za daraja la 3 la kuathiriwa na unyevu ni saa 168), zikaushwe kwa nyuzi 125 kabla ya kulehemiwa. Agizo hilo linahusu plastiki ya nje, ambayo ikiwa imenyonya unyevu na kuingizwa ghafla katika joto la kulehemu huvimba na kupasuka kama bisi. Ni tahadhari ya kabla ya kulehemu, hufanywa polepole ndani ya oveni kwa saa nyingi, na haina uhusiano na kufufua chipu iliyokufa.

Kuhusu viwandani, mambo ni mengi, nami nitataja yale yenye uzito. Mifereji siku hizi huchimbwa kwa plazma ya upole zaidi, na kuta zilizopoteza kaboni huweza kurudishiwa sehemu yake kwa mvuke wa kemikali maalumu. Kioo hukomazwa kwa mwanga wa urujuanimno ili kiwe kigumu zaidi. Shaba huvikwa metali iitwayo tantalamu pembeni na chini ili isitoroke. Palipo pagumu zaidi ni juu, kwenye uso uliosuguliwa kuondoa shaba ya ziada kabla ya kufunikwa. Mabaki machache ya shaba au unyevu yakibaki kwenye uso huo, njia ya kuvujia imekwisha kuchorwa, na katika vipande tulivyovikata na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni, mtoboko ulipita hapo, chini kidogo ya kifuniko, mara nyingi kuliko katikati ya kihami. Uso huo husafishwa kwa plazma ya hidrojeni au amonia, lakini ukizidisha unaharibu kihami chenyewe, na kupata kiasi kinachofaa huchukua miezi ya majaribio. Majaribio hayo hufanyiwa nyaya zilizochorwa kama vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana, ambavyo hutiwa umeme mpaka viunguzane, mamia kwa mamia, na muda wa kila kimoja huandikwa.

Kazi hiyo yote hufanyika kabla chipu haijafungwa, katika vyumba visivyo na vumbi, na hakuna sehemu yake inayoweza kurudiwa juu ya meza ya duka. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kupulizia chipu ili kihami kirudi, au anayekuuzia chipu iliyong'olewa kwenye bodi mbovu, ikasafishwa na kuwekewa vitone vipya kisha ikaitwa mpya, anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hana namna ya kukipima. Kuwaka kwake mezani hakuonyeshi lolote kuhusu kihami, kwani hata chipu ambayo kihami chake kimebakiwa na saa moja ya uhai huwaka vizuri. Nimeletewa kifaa cha kupimia kina cha bahari kilichofanyiwa hivyo mara tatu, na mwenyewe, ambaye ni mvuvi, alikuwa amekwisha kulipa karibu bei ya kipya.

Kompyuta ya mdogo wako usiirudishe kwenye bloa. Toa diski, iunganishe na kompyuta nyingine, unakili mafaili yake, kisha uliza bei ya bodi nzima.