Mvua imenyesha, shamba bado kavu: maji yamekwenda wapi?

Swali: Nalima uwele na alizeti Chamwino, Dodoma. Mvua zinanyesha kubwa, lakini siku mbili tatu baadaye nikichimba karibu na shina nakuta vumbi. Wengine wanasema ni ukame, wengine wanasema jangwa linakuja. Lipi ni lipi, na nifanye nini?

Jibu: Ukame ni mvua kupungua chini ya kawaida ya mahali. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ndiyo hali yake hata mwaka ukiwa mzuri. Kuenea kwa jangwa ni ardhi kame kuchoka kwa ukataji miti, mifugo kuzidi malisho na kilimo kisichorudisha kitu. Kwa maelezo yako, mimi naona tatizo ni upenyaji: maji yanafika shambani lakini hayaingii.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Ikinyesha milimita 30, ekari moja imepokea lita 120,000 hivi, yaani ndoo 6,000 za lita 20. Nusu ikitiririka, ndoo 3,000 zimeondoka pamoja na udongo wa juu na samadi yako. Matone yakipiga udongo ulio wazi huvunja vibonge vyake, chembe laini zinaziba vitundu, na udongo ukikauka unapata lile gamba gumu.

Pima kabla ya kuchimba chochote. Toboa kitako chote cha kopo la rangi la lita 4, lizamishe udongoni sentimita 5, mimina maji yaishe, kisha mimina tena hadi sentimita 10 na uangalie yameshuka kiasi gani kwa dakika 10. Ile mara ya kwanza usiihesabu, maana udongo mkavu hunywa haraka mno. Rudia kipimo hicho hatua moja kando, mahali ulipokwangua gamba. Pale palipokwanguliwa pakinywa haraka zaidi, dawa ni kufunika udongo: acha mabua shambani, tandaza majani, na chipukizi za visiki wakati wa palizi using'oe zote. Kote maji yakishuka polepole, chini kuna tabaka lililoshindiliwa na jembe au kwato, na hilo linahitaji kuvunjwa kwa kina.

Kama shamba lina mteremko, ongeza makinga maji, yaani mifereji na matuta yanayokata mteremko ili maji yasimame. Kupima usawa, fremu A inatosha: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa pamoja juu, upau katikati, kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka juu. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa upau, badilishana miguu pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa: kamba ikitua hapo miguu iko sawa, piga kigingi penye mguu, kisha sogeza fremu uendelee. Usipime siku ya upepo. Chimba mfereji wa sentimita 60 kwa 60 ukifuata vigingi, udongo utupe upande wa juu uwe tuta.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima kwa macho. Mfereji ukilala hata kidogo, maji yote hukimbilia pale chini, yanapasua tuta, na korongo linaanzia hapo. Kwa hiyo chimba Oktoba au Novemba, na baada ya mvua kubwa ya kwanza pita na jembe: maji yaliposimama kwa kina zaidi, inua tuta siku hiyo hiyo.