Tafuta kwanza picha yenye saa ndani yake

Mgeni wa kazi hii ya kupanga picha za tukio kwa mfuatano wa muda hukimbilia picha yenye moshi. Iache kwanza. Moshi unakwambia jambo limetokea, haukwambii lini. Tafuta picha iliyonasa saa.

Tuchukue shambulio la marathoni ya Boston, Marekani, tarehe 15 Aprili 2013. Bomu la kwanza lilipolipuka mtaa wa Boylston, saa kubwa ya kwenye mstari wa kumalizia ilisoma 4:09:43. Hiyo si saa ya mji. Ilikuwa inahesabu tangu kundi la tatu la wakimbiaji lianze, yaani 10:40 asubuhi. Jumlisha: 14:49:43. Hicho ndicho kigingi chako, na picha nyingine zote utazifunga hapo.

Na andika hivyohivyo, 14:49. Katika kazi nyingine mwenzangu aliandika "8:49" akiwa na maana ya saa nane mchana. Mimi nikaisoma ya asubuhi, na mchana mzima ukapotea kwa kupanga picha za baada ya tukio kana kwamba zilipigwa kabla.

Saa ya kamera usiiamini, ila usiitupe. Simu huchukua saa mtandaoni, kwa hiyo ina nafuu. Kamera kubwa huwekwa kwa mkono, na Marekani walikuwa wamesogeza saa mbele mwezi Machi. Kamera ambayo mwenyewe hakuigusa ingekuwa nyuma saa nzima. Tafuta picha yake moja inayoonyesha saa ya mbio, pata tofauti, kisha rekebisha picha zote za kamera hiyo. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imeshapoteza taarifa za saa iliyopigwa. Muombe mpigaji faili halisi, tena kwa upole, maana huenda alipoipiga alikuwa anamtafuta ndugu yake.

Mimi hupenda zaidi kutazama vichwa. Kishindo cha kwanza kiliwageuza watu karibu wote upande mmoja, kwa hiyo hata picha isiyo na moshi wala saa inakwambia iko kabla au baada. Humo ndimo FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walimwona kijana mmoja mbele ya mgahawa: alitupa jicho kule, kisha akaondoka kwa utulivu kuelekea upande wa pili, bila begi lake. Sekunde chache baadaye pale alipotoka palilipuka. Kilichomfichua ni mfuatano, wala si sura.

Huku nyuma, mtandaoni watu walikuwa wanazungushia duara jekundu kila aliyebeba begi. Kwenye marathoni! Nani hakuwa na begi? Gazeti moja la New York liliweka ukurasa wa mbele watu wawili wasio na hatia, siku ileile ya tarehe 18 ambayo FBI walitoa picha za washukiwa wenyewe.

Ndiyo maana jedwali ninalopangia picha halina safu ya majina. Lina muda, nguo, mzigo, na upande anaoelekea.